Vyeti Vinane Kabla ya Saa Sita

Kabati halikuwa limevunjwa. Inspekta Mwantum alipoliona hilo hakuanza kuhoji mtu. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kitasa, akakitazama kama mtu anayesoma barua. Mwizi wa Bujumbura wa miaka ile ya vita hakuwa mtu wa kubembeleza chuma. Alipiga nondo, akabeba, akatoweka. Huyu alifungua kwa ufunguo, akatoa bahasha moja ya kaki, akafunga tena, na kompyuta nane zilizokuwa mezani hakuzigusa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na tano Novemba 1999, saa tatu asubuhi. Madamu Prudence, mkurugenzi wa Shirika Garuka, alisimama nyuma ya inspekta akizungusha pete kidoleni. Aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu, na alieleza mambo kwa utaratibu hata pale sauti ilipomtetemeka. Garuka ilikuwa na kazi moja tu, kuwatafutia jamaa zao watoto waliopotezana na wazazi vitani. Majina elfu nne na mia sita yalikuwa ndani ya zile kompyuta, kila jina na kilima chake cha nyumbani, alama zake za mwilini, na watu wa mwisho walioonekana naye. Kadi za karatasi zilizobaki hazikufika nusu. Nyingine ziliungua pamoja na ofisi ya kwanza.

Kompyuta zilinunuliwa Aprili, nchi jirani zilipokwisha kuondoa vikwazo na meli za mizigo kuanza tena kupanda ziwa kutoka Mpulungu. Lakini mfumo wake, ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kubeba programu nyingine zote, haukuijua miaka ya elfu mbili. Maxime, fundi wa shirika, aliipeleka saa ya mashine moja mbele hadi Januari, na daftari la majina likakataa kufunguka. Akarudia mara tatu. Likakataa mara tatu.

Watengenezaji walikuwa wametoa ahadi: kila aliyenunua mwaka huo angepewa mfumo mpya bure. Sharti alete kwa wakala wao wa mjini cheti halisi cha kila mashine, chenye utepe unaong'aa na namba yake, pamoja na ankara halisi na muhuri wa mwenye mali. Siku ya mwisho ilikuwa kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Saa hiyo wakala angefunga mfuko na kuupeleka kwenye ndege. Baada ya hapo kila mtu angejinunulia, na Garuka haikuwa na uwezo huo.

"Iko watoto ishirini na saba tumeisha kuwapatia wazee wao," Prudence alisema. "Tutawapeleka Januari. Njia zote ziko mule ndani."

Mwantum aliuliza vyeti vilikuwa wapi. Vyote vinane vilikuwa kwenye ile bahasha. Akauliza ankara iko wapi. Prudence akaitoa kwenye kabati hilo hilo, rafu hiyo hiyo, ikiwa salama ndani ya plastiki.

Inspekta aliipokea akaigeuza mkononi kwa muda. Mtu aliyeiba vyeti na kuacha ankara pembeni yake ama hakujua masharti, ama hakuihitaji. Aliyejua thamani ya vyeti hakukosa kujua masharti. Basi hakuihitaji, na asiyehitaji ankara ya mwenzake ni yule awezaye kuandika ya kwake.

Hilo hakulisema. Aliomba funguo. Mkurugenzi alikuwa nao mmoja, Maxime mmoja. Mwantum alizaliwa mtaa wa Buyenzi, binti wa fundi makanika, na alikulia kwenye sakafu iliyojaa nati za chuma na funguo za kila namna. Aliziweka funguo mbili juu ya kiganja. Ule wa Prudence ulichongwa 417-1. Ule wa Maxime, 417-3.

"Wa pili uko wapi?"

Prudence alisema kabati lilikuja na funguo mbili tu. Lililetwa siku moja na kompyuta, na duka lile lile lililoziuza, la kule mitaa ya viwanda. Hakuwahi kuangalia namba.

Mwenye kushukiwa kwanza alikuwa Maxime. Prudence mwenyewe ndiye aliyelisema, kwa kusita, akitazama sakafu: Jumanne alasiri fundi hakuwepo kazini, na bahasha ilionekana mara ya mwisho Jumanne asubuhi. Mwantum alimwita kijana huyo stoo, akamketisha juu ya boksi, akamwuliza alikuwa wapi. Maxime akajibu kwamba alikwenda hospitali kumwona shangazi yake.

"Amelazwa chumba gani?"

Maxime alitaja cha wazazi. Inspekta akamwuliza shangazi ana miaka mingapi. Sitini na mbili, akajibu, kisha akasikia mwenyewe alichosema, akainamisha kichwa.

"Mi sikuenda hospitali," alisema. "Nilikuwa Mutakura, kule tulikaaka zamani."

Hakutaka kusema zaidi, na Mwantum hakupoteza muda kumkamua. Alimwacha na kazi moja. Nyuma ya kila kompyuta palikuwa na kibandiko chenye namba ile ile iliyokuwa kwenye cheti chake; aziandike zote nane, kwa mwandiko safi, na atie sahihi chini. Kisha inspekta akatoka kutafuta teksi. Gari la polisi lilikuwa halina mafuta tangu Jumatatu.

Dereva alimshusha pembeni mwa soko la Mutakura, akasema yeye haendi mbele. Mwantum alitembea. Nyumba nyingi zilikuwa zimepauliwa upya kwa mabati ya kuokota; nyingine zilibaki kuta, na mahindi yakiota vyumbani. Aliuliza majirani wa zamani wa Maxime, akaelekezwa kwa fundi cherehani aitwaye Orlane, mwanamke mnene aliyeshona bila kuinua macho. Orlane alimwambia kwamba Maxime alifika Jumanne saa nane, akakaa hadi saa kumi na moja. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, aliyepotea mwaka 1995 siku familia ilipokimbia mtaa. Aliuliza nyumba kwa nyumba. Watu saba walimwona.

Huko Garuka palikuwa na kanuni kwamba mfanyakazi asifuatilie habari za ndugu zake bila kumwarifu mkurugenzi, ili asije akapendelea wake. Ndiyo maana kijana alidanganya. Mwantum alirudi ofisini saa saba na robo, jua likimchoma utosini, akiwa amepoteza nusu siku. Kwa Prudence alisema sentensi moja tu: Maxime alikuwa mbali na kabati, na amwache afanye kazi yake.

Alihamia mlangoni kwa Sylvère, mlinzi mzee aliyekaa na daftari la wageni magotini. Sylvère alikuwa mtu wa kuandika. Kila aliyeingia, hata muuza karanga, alikuwamo. Jumanne saa nane na dakika kumi palikuwa na jina moja: Audace, fundi wa duka. Mzee akaeleza kwamba kijana huyo alikuja na mashine ya kupuliza vumbi, akasema ametumwa kusafisha kompyuta. Madamu alikuwa mkutanoni, Maxime hayupo. Yeye Sylvère alikaa naye chumbani muda wote.

"Muda wote?" Mwantum aliuliza.

Mzee alifikiri. Akasema kijana aliomba maji, na mtungi uko nyuma ya nyumba.

"Nani alimwita huyu fundi?"

"Hata mutu," Sylvère alijibu polepole, na uso wake ukabadilika kadiri alivyolisikia jibu lake mwenyewe. "Apana, hata mutu moja hakumwita."

Duka lilikuwa ghala refu karibu na bandari, baina ya kiwanda cha sabuni na bohari la saruji. Mwenyewe, Herménégilde, alimpokea inspekta kwa heshima nyingi, akamfutia kiti kwa leso yake. Alikuwa mtu wa shati jeupe na maneno laini. Kuhusu kabati alisema yote huja na funguo mbili. Kuhusu Audace alisikitika kwamba amesafiri asubuhi hiyo kwenda Gitega, kwa gari la abiria, na hajui atarudi lini. Kuhusu ahadi ya mfumo mpya alisema ndiyo, ameisikia, wateja wake wachache wamenufaika.

Mwantum aliandika kila jibu, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Herménégilde alitia bila kusoma mara ya pili. Barabara ya Gitega ilikuwa imefungwa na jeshi tangu jana adhuhuri, na hata gari la polisi lisingepita. Herménégilde, aliyekaa Kiriri kwenye nyumba za matajiri kilimani na asiyepanda gari la abiria, hakuwa amepata habari hiyo.

Alipokuwa akitoka, mtunza stoo aliyekuwa akihesabu magunia alimsalimu kwa kumwita dada. Alikuwa Mohamadi, mtu wa Buyenzi, ambaye baba yake na baba yake Mwantum waligawana karakana moja. Walizungumza habari za nyumbani kwanza, za wagonjwa na waliozaa, kwani hakuna anayempita mtu wa kwao kwa swali kavu. Kisha Mwantum akamwuliza kama kabati huja na funguo mbili.

"Tatu, dada. Moja inabakiaka hapa, kwenye msumari, kama mukiliya aliyenunua atapoteza."

Alimwonyesha kwa macho ubao wa misumari ukutani. Msumari wa 417 ulikuwa mtupu. Mohamadi alisema hakuuliza, ana watoto sita. Lakini aliongeza neno, akiendelea kugusa magunia kana kwamba anahesabu: wiki iliyopita duka lilipeleka kompyuta nane Kiriri kwa bwana mkubwa mmoja, za aina ile ile ya Garuka, ila maboksi yake hayakuwa na karatasi hata moja. Ziliingia wakati wa vikwazo, kwa njia za magendo. Bwana mkubwa alisoma habari za ahadi gazetini, akataka vyeti vyake. Vyeti havikuwapo.

Nane kwa nane. Mwantum alimshukuru, akamsalimia mkewe, akaondoka.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, amri ya kutotembea usiku ilipoisha tu, alikuwa mlangoni kwa Audace na askari wawili. Kijana alikuwa hajaenda Gitega wala popote. Alifungua akiwa na mswaki mdomoni. Kwenye pete ya funguo zake, baina ya wa nyumba na wa baiskeli, ulining'inia 417-2. Alikuwa amesahau kuurudisha.

Hakubisha sana. Kituoni alieleza yote, na maelezo yake yalichukua kurasa nne na saa tatu nzima, kwa sababu Mwantum alimfanya arudie kila saa na kila neno. Bosi alimpa ufunguo na kumwonyesha rafu kwa mchoro, maana bosi mwenyewe ndiye aliyelisimika kabati na kuona karatasi zikiwekwa. Bahasha aliikabidhi Jumanne jioni. Aliambiwa ni karatasi tu, hazina thamani. Mwishoni aliuliza kama ni kweli kwamba ilikuwa mambo ya watoto. Mwantum alimjibu kwamba ni kweli. Kijana akaomba kalamu, akatia sahihi.

Ilipofika saa nne na nusu inspekta alimpigia simu Prudence: achukue ankara halisi, muhuri, na ile orodha ya Maxime, aje kwa wakala, karibu na posta, bila kusimama popote. Yeye mwenyewe alikwenda kwa miguu na askari mmoja.

Wakala alikuwa na kaunta ndefu na karani mmoja, Ingrid, msichana mwenye miwani na utaratibu wa mtu asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Nyuma yake mfuko wa turubai ulikuwa wazi juu ya mizani, lakiri ya risasi ya kuufungia ikiwa tayari. Na kwenye kiti cha wageni, miguu imepishana, alikaa Herménégilde, akisubiri stakabadhi yake.

Mwantum aliomba faili la vyeti vilivyoletwa asubuhi hiyo na bwana yule. Ingrid alisita, akaangalia kitambulisho, akalitoa. Vyeti vinane, ankara mpya kabisa ya duka, muhuri wa ofisi ya Kiriri, na fomu ya maombi iliyojazwa kwa mkono. Bila orodha ya Maxime namba zile hazikusema kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano.

Herménégilde hakuinuka. Alisema kwa upole kwamba vyeti ni vya mteja wake. "Na mukiliya wangu iko mutu wa Kiriri. Unajua anakulaka na nani?"

Mwantum alilivuta faili karibu. Alisimama pale kaunta, mkono mmoja juu ya faili, na dakika zikapita moja moja. Saa tano na dakika arobaini mlango ulifunguka, Prudence akaingia akihema, vumbi hadi magotini. Askari walikuwa wameifunga njia ya soko, teksi ikakwama, naye akashuka, akapanda nyuma ya baiskeli ya abiria na sketi yake ya ofisini, ankara ameibana kifuani kama mtoto mchanga. Hakuketi. Alilaza orodha juu ya kaunta.

Walisoma pamoja, Ingrid kwa sauti, Mwantum kwa kidole. Namba ya kwanza ililingana. Ya pili. Ya tano. Ya nane. Prudence alifumba macho.

"Ni vya kwenu," Ingrid alisema. "Lakini mi siwezi kubadilisha faili la mutu. Polisi ivichukue, mahakama iseme."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na Mwantum alikuwa ameuona tangu asubuhi. Kama angevikamata vyeti kama vielelezo, vingekaa kwenye bahasha ya mahakama mwaka mzima, na mfuko ungeondoka bila hivyo. Kanuni ilisema kielelezo hakirudishwi kwa mwenyewe bila karatasi ya mwendesha mashtaka. Aliomba simu. Naibu mwendesha mashtaka alikuwa ametoka. Alipiga kwa mkuu wake, Kamishna Térence. Simu iliita ikakatika. Alipiga tena. Saa tano na dakika arobaini na nane.

Alirudisha mkono wa simu mahali pake, akafungua daftari lake la hati.

Aliandika haraka, kwa herufi kubwa. Kwamba amekamata vyeti vinane, namba hizi na hizi. Kwamba nakala zake zimepigwa mbele yake na kutiwa muhuri wa wakala. Kwamba anavirudisha saa hiyo hiyo kwa mwenyewe, Shirika Garuka, naye amevipokea. Prudence alitia sahihi, Ingrid akatia kama shahidi, askari akatia kama shahidi wa pili. Mashine ya nakala ilikuwa ya zamani, ikatoa karatasi moja moja kwa kukohoa. Kisha Ingrid akavuta fomu mpya, na Prudence akaijaza kwa mwandiko wa ubaoni, mstari kwa mstari, hakuruka hata nukta. Vyeti, ankara, muhuri. Saa tano na dakika hamsini na saba Ingrid aliuingiza mzigo kwenye mfuko, akakaza kamba, akabana ile lakiri.

Prudence alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Herménégilde ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa amesimama sasa, akitengeneza kola, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko mwanzo.

"Inspekta, we ni mama wa huruma," alisema. "Lakini kielelezo umekituma Ulaya kwa mukono yako. Nakala si kitu. Utamwonyesha hakimu nini?"

Mwantum alikuwa amebakiza karatasi moja kwenye faili la asubuhi. Aliigeuza, akaisogeza mbele ya mfanyabiashara.

"Hii ni mwandiko yako?"

Ilikuwa fomu ya maombi. Juu palikuwa na saa, saa tatu na robo. Katikati namba nane, na chini yake tamko: kwamba mashine zenye namba hizo ziliuzwa na duka lake na ziko Kiriri, ofisini kwa mteja. Chini kabisa, sahihi, ile ile aliyoitia jana chini ya maelezo kwamba Audace amekwenda Gitega. Mashine zenye namba hizo zilikuwa mezani Garuka, vibandiko vikiwa vimeshikana na chuma, haviondoki bila kuchanika, na mtu yeyote angeweza kwenda kuvisoma.

Herménégilde aliisoma fomu hadi mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuishika. Askari alisogea hatua moja.

"Vyeti vilikuwa vya watoto," Mwantum alisema. "Karatasi yangu mi ni hii."

Alimchukua kwa miguu hadi kituoni, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakitoka makazini na wengine wakielekea swala ya Ijumaa. Njiani mfanyabiashara aliomba mara mbili apige simu Kiriri. Mara zote mbili alijibiwa kwamba atapiga akishaandikishwa.

Kamishna Térence alikuwa akimsubiri ofisini, simu ya Kiriri ikiwa imefika kabla yao. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alimwambia Mwantum kwamba kesi ni nzuri, na kwamba wakili yeyote wa mwaka wa kwanza ataanza kwa kuuliza kuhusu vielelezo vilivyorudishwa. Alimwambia mtu wa Kiriri anataka jina la aliyeruhusu vyeti virudi. Akamsogezea karatasi nyeupe.

"Andika nani alikuruhusu kurudisha vile vyeti," alisema. "Kama ni mi nilikuruhusu kwa simu, andika. Simu iliita hapa, nilisikia."

Alikuwa akimpa mlango wa kutokea. Mwantum aliuona, akaona pia kwamba ni uongo, na ukiulizwa mahakamani mlango huo utaanguka na kuangukia maelezo ya Audace, fomu, na kila kitu. Alivuta kiti. Nje muadhini alikuwa amemaliza, na mji ulikuwa umetulia kidogo kama unavyotulia Ijumaa saa hiyo.

Akaandika tarehe na saa. Chini yake akaandika: Hakuna aliyeniruhusu. Akatia sahihi, akaisoma mara moja, akamrudishia.